Kilo Nne Nukta Tisa

"Bonyeza tena," alisema Gudrun Thestrup. "Bonyeza kama ungembonyeza mtoto mchanga."

Asger Vinding, tabibu wa mgongo, akaweka ncha ya kidole cha kati juu ya mizani ya jikoni, akakandamiza polepole. Namba zikapanda: arobaini, sabini, tisini na tano. Zikatulia hapo. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akainua kidole.

"Gramu tisini na tano," Gudrun akasoma, akaandika kwenye daftari lake la miraba. Ilikuwa mara ya saba, na mara zote saba kidole hakikuvuka mia. Mizani alikuja nayo kutoka nyumbani ndani ya mfuko wa kitambaa, bado ina unga kwenye pembe. "Na mtu mzima?"

Tabibu akapandanisha viganja viwili, akashusha mabega. Mizani ikalia mara moja, kioo chake kikazimika.

"Umeniulia mizani."

"Umeuliza, nimejibu." Asger akatabasamu. Alikuwa mrefu, wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mikubwa na kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama. "Mtu mzima namnyoosha. Mtoto mchanga namgusa tu, kama unavyojaribu nyanya dukani ujue imeiva. Ungeinunua nyanya iliyobonyezwa na mimi, Inspekta. Usingejua."

Jeppe Overgaard, msaidizi wa Gudrun, alicheka kidogo pale dirishani. Gudrun akafunika kalamu yake, akaifunua tena.

Kwa miaka ishirini, nusu ya watoto wa Nørreholt walikuwa wamelala kwenye kile kitanda kidogo cha ngozi ya buluu. Waliletwa wakiwa na chango, au shingo inayogeuka upande mmoja tu, au hawataki titi la kushoto. Hakuna aliyeona ajabu. Wauguzi wa halmashauri, wale wanaopita nyumba hadi nyumba kupima watoto, wenyewe ndio waliotoa namba ya simu ya Asger.

Lakini juzi Jumatatu mtoto wa wiki kumi na moja alipelekwa hospitali akiwa na homa. Wakampiga eksirei ya kifua wakitafuta nimonia, wakakuta mbavu mbili zilizovunjika mgongoni, karibu na uti. Mtoto hakuwa amebatizwa, kwa hiyo hakuwa na jina. Kwenye karatasi zote aliandikwa "Mvulana", na nyumbani walimwita Basse. Wazazi wake, Maibritt na Rune, walisema hawajui lolote, ila Alhamisi iliyotangulia walikuwa wamempeleka kwa Asger.

Leo ilikuwa Jumatano. Kesho saa nne asubuhi kamati ya watoto ya halmashauri ingekaa. Kama hadi saa hiyo hakuna maelezo mengine, Basse na dada yake wa miaka minne wangepelekwa kwa watu baki, na Maibritt angewaona saa moja kwa wiki, mbele ya shahidi.

"Daktari wa hospitali ameziangalia picha upya," Gudrun akasema. "Mfupa mpya umeshaota juu ya nyufa. Anasema zilivunjika kati ya siku kumi na nne na ishirini na moja kabla ya picha."

"Na mimi nimemgusa mtoto siku nne kabla ya picha. Tarehe kumi na nne Machi. Siku moja tu." Asger akainua viganja juu, vikiwa wazi. "Basi tumemaliza?"

"Karibu. Niliomba orodha za kila siku za kliniki, kuanzia mwisho wa Februari."

"Mahakama imekupa hati, nami nimezichapa." Akasukuma bahasha juu ya meza. Ilikuwa tayari pale tangu walipoingia, kingo zake zikiwa sambamba na kingo za meza.

Gudrun akasoma kama alivyosoma kila kitu, mstari baada ya mstari, kidole kikifuata. Jeppe akapiga miayo. Kwenye ukurasa wa tarehe ishirini na nane Februari, Alhamisi, kidole kikasimama.

"Maibritt yupo hapa. Saa nne na dakika ishirini."

"Maibritt ni mgonjwa wangu tangu akiwa mjamzito. Nyonga. Nilikuwa naye chumba namba moja kwa nusu saa nzima."

"Na mtoto?"

"Nje, kwenye kigari. Analala. Ulitaka alale wapi?"

Gudrun akageuka. Nje ya dirisha, chini ya kipenu kilichojengwa kando ya ukuta wa kusini, vigari vitatu vilikuwa vimepangwa, vyandarua vikiwa vimeshushwa. Nyuzijoto zilikuwa mbili juu ya sifuri. Kutoka kimoja kilitoka mvuke mdogo wa pumzi, ukapotea. Yeye mwenyewe alilala nje hivyo akiwa mtoto, na wanawe pia. Hewa baridi, usingizi mzuri; hakuna mtu Nørreholt aliyewahi kulifikiria jambo hilo mara mbili.

"Saa hiyohiyo, chumba namba mbili," akasema, "kuna mtoto anayeitwa Villads. Miezi minne. Aliletwa na babu yake. Hapa pembeni kuna herufi L.H."

"Liv Hauge. Alikuwa anafanya mwaka wake wa mazoezi chini yangu. Ameshaondoka."

"Mwaka umeisha?"

"Haukumfaa." Tabasamu lilikuwa bado pale, ila limebaki mdomoni tu. "Si kila mkono unafaa kwa watoto."

"Uzito wa Villads siku hiyo, kilo sita nukta tatu. Mnapima kila anapokuja?"

"Kila mtoto, kila mara. Mimi ni mtu wa utaratibu, Inspekta. Kama wewe."

"Naona," Gudrun akasema. Akainua mizani yake iliyokufa, akaifuta unga kwa mkono, akairudisha kwenye mfuko.

*

"Basi amebaki mama," Jeppe alisema ndani ya gari. "Nisikilize, mkuu. Tabibu yuko nje ya tarehe. Baba alikuwa baharini kwenye meli ya mitambo ya upepo tangu tarehe ishirini Februari hadi saba Machi. Nimeona saini ya nahodha. Nilimtaka sana huyo baba, unajua, ana ile kesi ya kumpiga mtu baa. Lakini huwezi kumvunja mtoto mbavu ukiwa katikati ya Bahari ya Kaskazini. Nani amebaki? Mwanamke peke yake na watoto wawili, hajalala miezi miwili. Na ametudanganya."

"Kuhusu redio."

"Kuhusu redio! Alisema ile redio ya kumsikilizia mtoto huwa iko mfukoni mwake kila mtoto akilala nje. Nimeifungua mwenyewe. Betri zimeoza humo ndani tangu enzi za bibi yangu. Kamati wameshaisoma hiyo taarifa. Mtu anayedanganya dogo anadanganya kubwa."

"Labda."

"Labda, labda. Siku ukisema 'ndiyo' nitanunua keki ya kituo kizima."

"Pita kushoto," Gudrun akasema. "Kwa Maibritt."

Maibritt Kjærgaard aliwafungulia kabla hawajapiga kengele. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, nywele zimefungwa kwa mpira wa jikoni, na kwenye fulana yake maziwa yalikuwa yamechora maduara mawili. Mtoto wa kuyanyonya alikuwa bado hospitali. Juu ya meza kulikuwa na mkate mweusi uliokatwa na haujaliwa.

"Mmekuja kunichukua?"

"Tumekuja kuuliza," Gudrun akasema, akaketi bila kuambiwa. "Maibritt, tarehe ishirini na nane Februari ulikuwa kwa Asger kwa ajili ya nyonga. Basse alikuwa nje. Niambie asubuhi hiyo, tangu ulipoegesha kigari."

"Nimeshasema. Alilala. Nilimsikia kwenye redio."

"Redio ilikuwa mbovu."

Maibritt akamtazama Jeppe, kisha Gudrun. Mikono yake ikaanza kukusanya makombo ya mkate yaliyokuwa hayapo.

"Nikisema mtaniandika kuwa ni mama asiyejali."

"Nikiandika, nitakusomea kwanza."

Jeppe alifungua kinywa, Gudrun akamgusa kiwiko, akakifunga.

"Betri zilikufa Januari," Maibritt akasema. "Kila siku nasema nitanunua. Nilimwegesha, nikavuta chandarua, nikaingia. Nikajiambia, ni nusu saa, na kila mtu anawaacha. Ndiyo hivyo. Sikumsikia. Angeweza kulia mpaka akaishiwa sauti, nisingemsikia."

"Ulipotoka alikuwa analia?"

"Alikuwa kimya. Macho wazi." Akagusa kidevu chake. "Kofia yake haikuwa sawa."

"Haikuwa sawa vipi?"

"Ile ya sufu, yenye kamba mbili za kufunga kidevuni. Mimi nafunga kitanzi, kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili unamshika yeye. Siku hiyo ilikuwa fundo. Fundo limekazwa kabisa. Nyumbani ilibidi nikate kamba kwa mkasi." Akacheka bila furaha. "Nilifikiri nimelifunga mwenyewe nikasahau. Ukikosa usingizi unaweka funguo kwenye jokofu, sembuse kofia. Nilijiona naenda kichaa. Ningemwambia nani?"

"Kofia ipo?"

Ilikuwepo, kwenye kikapu cha nguo za kushonwa. Jeppe akaivuta kwa kibano na kuitia kwenye mfuko wa karatasi. Fundo lilikuwa bado limekaza kwenye kamba iliyokatwa, dogo na gumu, la mtu mwenye mikono miwili huru.

"Nionyeshe kitabu cha mtoto," Gudrun akasema.

Muuguzi wa halmashauri alikuwa na mwandiko wa mviringo, kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Tarehe ishirini na sita Februari: gramu 4,850, ananyonya vizuri, mtulivu, anatabasamu. Tarehe tano Machi: analia sana, hasa akiinuliwa kwa kushikwa kifuani, huenda ni chango, mama ameshauriwa aende kwa tabibu wa mgongo.

Gudrun aliisoma mistari hiyo mara mbili, kisha akamgeuzia Jeppe kitabu aisome. Jeppe akakuna shingo.

"Kilio kilianza lini hasa?" akauliza Gudrun.

"Alhamisi hiyohiyo, jioni. Nilipomvua nguo."

"Na kando ya kigari chako, siku hiyo, kulikuwa na vigari vingine?"

"Kimoja. Cha kijivu, kama changu. Mji mzima una vigari vya kijivu, duka la hapa huleta rangi moja tu." Maibritt akainuka nusu. "Kwa nini? Mtu alimgusa? Nani alimgusa?"

"Sijui bado."

"Lakini unafikiri—"

"Kesho kabla ya saa nne nitakuwa nimesema ninachokijua," Gudrun akasema. "Ninachofikiria hakiwezi kukusaidia mbele ya kamati."

Maibritt akaketi tena. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo. "Binti yangu, Alberte, ameuliza kama akienda kukaa kwa watu wengine anaruhusiwa kubeba sungura wake. Nimwambie nini?"

Mlangoni Jeppe ndiye aliyesimama, akarudi hatua moja, akasema, "Mwambie sungura anaruhusiwa popote," kisha akatoka haraka, masikio yakiwa mekundu.

*

Babu yake Villads aliitwa Eigil Nørskov, na walimkuta akiosha mipira ya kukamulia maziwa kwenye banda. Ng'ombe mia na ishirini walikuwa wakitafuna kwa pamoja, sauti kama ya mvua.

"Polisi!" akapaza sauti. "Kama ni lile trekta kupita kwenye bustani ya padri, breki ndizo zilizokosa, si mimi."

"Tutalirudia hilo, mzee Eigil," Gudrun akasema. "Leo ni mjukuu wako."

Sura ya mzee ikabadilika. "Villads ana nini?"

"Hana kitu. Ulimpeleka kwa Asger tarehe ishirini na nane Februari."

"Kila baada ya wiki mbili nampeleka, mama yake yuko kazini. Shingo yake imekaa kama mlango uliopinda. Nami mgongo wangu pia, hivyo tunatibiwa pamoja, mimi chumba hiki, yeye kile. Naokoa petroli." Akakausha mikono kwa ovaroli. "Nimelala kifudifudi na lile tundu la uso, unajua, unaona viatu tu. Siku hiyo nilikuwa chumba namba tatu, yule mama wa kukanda amenikalia kiunoni."

"Nani alimtoa Villads kwenye kigari?"

"Yule binti. Mwanafunzi. Mpole, sauti kama panya. Alifungua mlango akauliza, 'Nimchukue mwenyewe?' Nikasema, 'Mchukue, binti, yuko kwenye cha kijivu.'"

Gudrun hakuandika. Jeppe akaacha kugongagonga kiatu sakafuni.

"Cha kijivu," Gudrun akarudia.

"Ndiyo. Cha kijivu." Mzee akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Yule binti alikuwa na wiki mbili tu pale, hakumjua mtoto. Baadaye nikamsikia ukutani: 'Mbona ni mdogo hivi?' Nikamjibu kwa sauti, 'Mdogo, lakini anakula kama ndama!' Villads alizaliwa kabla ya wakati, tumezoea kuulizwa. Basi nikacheka. Wote tukacheka."

"Ulipotoka, Villads alikuwa wapi?"

"Ndani ya kigari, amelala fofofo, wala hajabadilisha ubavu. Nilisema, huyu binti ana mkono mzuri kweli, hata hakumwamsha." Ng'ombe wakaendelea kutafuna. "Ila mama yake alisema jioni kwamba shingo iko vilevile. Kama vile hajaguswa."

"Walikupa chochote? Karatasi?"

"Kadi. Wanaandika siku ya kurudi na uzito, mama yake anapenda kuujua. Iko kwenye gari, kwenye kizuia jua." Akaenda kuichukua mwenyewe, akitembea haraka kuliko mtu mwenye mgongo mbovu, akarudi na kadi iliyopauka pembe.

Mistari mitatu. Tarehe kumi na nne Februari, mwandiko mnene wa Asger: 6.1. Tarehe ishirini na nane Februari, mwandiko mwembamba ulioinamia kushoto: 4.9. Tarehe kumi na nne Machi, Asger tena: 6.5.

"Hamkuona?" Jeppe akauliza. "Mtoto amepungua kilo na zaidi kwa wiki mbili!"

"Binti yangu aliona. Alipiga simu. Asger akasema mizani ilikuwa na kasoro siku hiyo, tusijali." Eigil aliishika kadi kana kwamba ina moto. "Mama, huyo aliyechukuliwa... ni yule mtoto wanayemzungumzia mjini? Yule wa Maibritt?"

"Nipe kadi, mzee Eigil. Na leo usizungumze na mtu."

"Mimi ndiye niliyesema cha kijivu."

"Ulisema ulichokiona," Gudrun akamwambia. Akaandika stakabadhi ya kadi hiyo, akaweka tarehe na saa, akamwachia nakala. Mzee aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia yake, hakusema tena juu ya trekta.

*

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo walipofika kituoni, jua bado liko juu ya paa la shule. Gudrun akapanga karatasi mezani kutoka kushoto kwenda kulia: kitabu cha muuguzi, 4.85, tarehe ishirini na sita. Kadi ya Eigil, 4.9, tarehe ishirini na nane. Kisha karatasi aliyochapa Asger, tarehe hiyohiyo, mtoto huyohuyo kwa jina: 6.3.

"Amebadilisha kwenye kompyuta," Jeppe akasema. "Mkuu, sema 'ndiyo' sasa, keki ni juu yangu."

"Mashine ya kumbukumbu za wagonjwa haifuti, inafunika tu. Chini ya hiyo sita nukta tatu kuna namba ya zamani, na saa ilipofunikwa, na jina la aliyefunika. Omba hati ya pili."

"Hakimu hatatoa mpaka kesho."

"Basi iombe leo ili kesho iwepo."

Jeppe akaandika. Gudrun alimpigia mwanasheria wa halmashauri, mwanamke aliyezungumza kama anayetembea kwenye korido ndefu. Alimweleza kwa mpangilio: kofia, kitabu, kadi, mzee.

"Kwa hiyo mtoto wa watu alichukuliwa kwenye kigari kimakosa, akatibiwa, akarudishwa, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeona," mwanasheria akasema.

"Mmoja aliona. Aliyemchukua."

"Na yeye amesema hivyo?"

"Bado."

"Gudrun, nakuheshimu. Lakini nina eksirei, na nina mama aliyesema uongo kwenye taarifa ya polisi. Nikimrudisha mtoto kisha kikatokea kitu, hakuna atakayeniuliza habari za kofia. Niletee taarifa iliyosainiwa. Saa nne kamili. Nne na robo familia ya kulea inakuja na viti vya gari."

Namba ya Liv Hauge ilipatikana kwa chama cha matabibu. Alikuwa amehamia Odense, mwendo wa saa mbili kwa gari. Simu iliita mara tisa.

"Halo?" Kweli, sauti kama ya panya.

"Naitwa Gudrun Thestrup, mpelelezi wa polisi. Nataka kukuuliza kuhusu Alhamisi tarehe—"

"Ishirini na nane," Liv akasema.

Gudrun akaweka simu kwenye spika. Jeppe akaacha kuandika.

"Unakumbuka tarehe."

"Uzito haukulingana. Nilipima mara tatu, kisha nikaandika nilichokiona, ndivyo tulivyofundishwa. Asger alikuwa ameniandikia cha kumfanyia Villads: mshike kifua kwa viganja viwili, mwinue, mnyooshe nyuma, usiogope, ameshazoea. Nikamshika. Nikahisi kitu."

"Kitu gani?"

"Kama unapovunja mkate mkavu ndani ya kitambaa." Pumzi yake ikasikika. "Hakulia palepale. Alinitazama tu. Nikamfunga kofia kwa fundo, nikalikaza sana. Nikamrudisha. Mchana nikamwambia Asger. Akasema ni hewa kwenye viungo, inalia kwa wote, utazoea. Kisha akatazama uzito, akatoka, akaenda kusimama kule kwenye vigari. Kulikuwa hakuna kigari hata kimoja tena. Alisimama muda mrefu. Kesho yake akaniambia sifai."

"Liv, taarifa hii unaweza kuisaini?"

"Nitapoteza leseni kabla sijaipata."

"Inawezekana. Siwezi kukuahidi vinginevyo."

Jeppe alikuwa ameketi juu ya ukingo wa kiti, kalamu ikiwa hewani.

"Yule mtoto," Liv akasema hatimaye. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Kesho saa nne atapewa watu wengine kwa sababu ya mbavu zile."

"Wanasema ni mama yake..."

"Ndiyo."

"Nitasaini. Kuna treni saa kumi na mbili alfajiri."

"Nitatuma mtu akufuate. Usiondoke peke yako."

"Hakuna haja. Asger pia amesema atakuja tuzungumze, alisema huenda tukamaliza kistaarabu. Wewe ni wa pili kunipigia leo. Yeye alipiga saa tisa na nusu."

Gudrun akatazama daftari. Saa tisa na dakika ishirini na tano, alikuwa ameandika, tumeondoka kliniki.

"Alitaka nini hasa?"

"Aliuliza kama bado nina nakala za maandishi yake. Nikasema ninazo. Kisha akauliza ninaishi wapi siku hizi." Sauti ikapungua zaidi. "Nikamwambia. Ni mwalimu wangu."

Jeppe alikuwa ameshasimama, simu ya pili sikioni, akipigia kliniki. Ikaita. Akapigia duka la mikate lililo mkabala. Akauliza swali moja, akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Amefunga. Kuna kina mama watatu mlangoni na watoto, wanashangaa. Gari lake limeondoka tangu saa kumi. Kama anakwenda Odense, saa kumi na mbili atakuwa amefika."

"Liv," Gudrun akasema, kwa sauti ileile aliyotumia mchana kutwa, "funga mlango kwa ufunguo. Usimfungulie mtu mpaka akutajie jina langu lote, Gudrun Margrethe Thestrup. Usikate simu. Iweke mezani, niisikie."

Kule Odense miguu ikatembea juu ya sakafu ya mbao. Ufunguo ukazunguka.

Jeppe alikuwa akisubiri polisi wa Odense wapokee. Gudrun akavuta karatasi mpya, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa na safi: Taarifa ya Liv Hauge, Alhamisi tarehe 21 Machi. Akaandika mahali. Akaandika majina ya watakaokuwepo. Mahali pa saa akapaacha wazi, akainamisha sikio kwenye simu, akasikiliza.